Mbwa Mchungaji na Nyonga Zake

Juu ya malango mengi ya nyumba za mijini katika Kenya pana kibao chenye maneno mawili tu: "Mbwa Kali". Mwalimu wa Kiswahili akikisoma hukunja uso, kwa kuwa sarufi yataka "mbwa mkali". Lakini hata yeye hagongi lango hilo kwa pupa, maana mngurumo utokao upande wa pili hauna kosa la sarufi. Mara nyingi mwenye mngurumo huo ni mbwa wa jamii ile ambayo asili yake ni Ujerumani: mkubwa wa mwili, masikio wima, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya kahawia na mkia wa manyoya mengi. Polisi humtumia kufuata nyayo za wezi, na walinzi wa usiku hutembea naye kama mtu atembeavyo na rafiki amwaminiye.

Basi ni jambo la kuhuzunisha kumwona mnyama mwenye nguvu kama huyu ameshindwa kuinuka mahali alipolala. Hujikaza kwa miguu ya mbele, lakini ya nyuma hulegea na kuyumba, au kucha zake huburura sakafuni zikiacha mistari. Jana alikuwa akiruka ua. Leo kizingiti kimekuwa mlima. Mwenye mbwa hustaajabu na kusema kwamba balaa limemshukia mnyama wake ghafla. Neno hilo "ghafla" ndilo tutakalolichungua katika insha hii. Tukifuata nyayo za ugonjwa huu kwa kurudi nyuma, tutaona ya kuwa mara nyingi jambo liitwalo la ghafla lilianza zamani sana, kabla ya mbwa huyo kuzaliwa, na kwamba wanadamu walikuwa na mkono ndani yake.

Zamani wachungaji wa kondoo katika Ujerumani walikuwa na mbwa wa sura nyingi. Wa jimbo moja walikuwa na masikio wima na wa jingine masikio yaliyolala. Wengine walikuwa na manyoya marefu, wengine mafupi. Mchungaji hakujali sana sura. Alitaka mbwa awezaye kwenda mbio kutwa nzima kandokando ya kundi, ale kidogo, asikie amri, na kesho yake aamke tayari kwa kazi. Mbwa aliyechechemea hakufaa, na asiyefaa kwa aghalabu hakupewa nafasi ya kuzaa. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa hakimu, na hakimu huyo hakupokea rushwa wala hakuvutiwa na uzuri wa manyoya.

Viwanda vilipoongezeka na malisho yakapungua, mbwa wa kondoo alianza kukosa kazi. Hapo ndipo alipotokea Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wapanda farasi. Mtu huyu aliwapenda sana mbwa wa wachungaji, akatamani kukusanya sifa zao zote katika jamii moja. Mwezi wa Aprili mwaka 1899 alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe, akamwona dume mmoja aitwaye Hektor Linksrhein. Alimnunua, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath. Mwezi huo huo alisaidia kuanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao, naye Horand akaandikwa wa kwanza katika daftari la nasaba. Von Stephanitz alisisitiza kwamba mbwa wa jamii hii apimwe kwanza kwa akili yake na kufaa kwake kazini. Uzuri ufuate nyuma.

Shauri hilo lilikuwa jema, lakini njia ya kujenga jamii moja ya mbwa ina hatari yake. Ili watoto wafanane na mzazi, wafugaji huwapandisha ndugu kwa ndugu. Horand alizaa na majike wengi, na wazao wake wakapandishwa wao kwa wao, hata damu yake ikaenea katika jamii nzima. Kwa njia hii sifa njema hukazwa haraka; lakini kasoro nazo hukazwa kwa haraka ile ile. Kasoro iliyofichika ni kama deni aliloliacha babu bila kumwambia mtu: wajukuu wakioana wao kwa wao, deni huwarudia kutoka pande mbili. Sheria za urithi zilizovumbuliwa na Mendel zilikuwa zimesahauliwa, zikafufuliwa na wataalamu mwaka 1900, mwaka mmoja tu baada ya chama hicho kuundwa. Wafugaji wa kwanza waliongozwa zaidi na macho yao, na macho hayaoni ndani ya mfupa.

Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, ndiyo iliyompa mbwa huyu sifa ulimwenguni. Aliwatafuta majeruhi, akapeleka barua, akalinda kambi. Askari wengi walirudi kutoka vitani wakiwa vipofu, na mwaka 1916 palifunguliwa katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza vipofu. Habari hizo zilivuka bahari. Mwaka 1928 kijana kipofu wa Marekani, Morris Frank, alisafiri mpaka Uswisi kufundishwa kutembea na mbwa jike aliyempa jina la Buddy. Aliporudi New York alivuka barabara yenye msongamano wa magari mbele ya waandishi wa magazeti, akiongozwa na mbwa wake tu. Mwaka 1929 ikaanzishwa Marekani shule ya mbwa waongozaji iitwayo The Seeing Eye. Msomaji na aiweke shule hiyo akilini, kwa sababu tutairudia.

Wakati huo huo mbwa aitwaye Rin Tin Tin, aliyeokotwa na askari wa Marekani katika uwanja wa vita huko Ufaransa mwaka 1918, alikuwa nyota wa sinema. Kila mtu akataka mbwa kama yule. Katika Uingereza, ambako jina la Ujerumani lilichukiwa kwa sababu ya vita, mbwa huyo alibadilishwa jina akaitwa Alsatian, na jina lake la kwanza halikurudishwa rasmi mpaka mwaka 1977. Hivyo mnyama wa malishoni akawa mnyama wa mapambo na biashara. Walionunua walitazama sura, nao wauzaji waliwapa walichokitaka. Mbwa walizidi kuwa warefu na wazito, hata von Stephanitz mwenyewe akaona hatari. Mwaka 1925 alimpa ushindi mkuu dume aitwaye Klodo von Boxberg, aliyekuwa mfupi wa kimo na mrefu wa mwili kuliko wenziwe, ili wafugaji wafuate mfano ule. Tangu hapo umbo la jamii nzima likaanza kugeuka. Lakini huo nao ulikuwa uamuzi wa macho.

Tiba ya macho ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen alivumbua miali ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa, ndiyo tuiitayo eksirei. Miaka 40 baadaye, mwaka 1935, daktari wa wanyama wa Boston katika Marekani, Gerry Schnelle, aliandika habari za mbwa ambao viungo vyao vya nyonga havikuumbika sawasawa. Mwanzoni ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa nadra. Lakini kadiri madaktari walivyopiga picha nyingi ndivyo walivyozidi kuukuta, tena kwa mbwa wa jamii nyingi kubwa. Haukuwa umezaliwa jana. Ila jana ndipo ulipoonekana.

Yafaa tueleze ugonjwa wenyewe. Kichwa cha fupa la paja ni mviringo kama ncha ya mchi, nacho huingia katika kikombe cha mfupa wa nyonga kama mchi uingiavyo kinuni. Kwa mbwa mwenye afya kikombe hicho kina kina cha kutosha, na kano hukishika kichwa kisitoke. Kwa mbwa mgonjwa kano ni legevu, na kikombe hukua kikiwa kifupi mfano wa kisahani. Kila apigapo hatua, kichwa cha paja huteleza kidogo kikarudi. Mchi unaoyumba hupiga ukingo wa kinu. Vivyo hivyo gegedu, ile nyama ngumu inayofunika ncha za mifupa, hulika kidogo kidogo, hata mfupa ukakwaruzana na mfupa.

Jambo la kutatanisha ni kwamba kilebu huzaliwa na nyonga zinazoonekana timamu. Ulegevu hujitokeza akiwa anakua, na misuli yenye nguvu huweza kuuficha kwa miaka mingi. Dalili zipo, lakini ni ndogo: hukimbia akirusha miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, husita kupanda ngazi, hukawia kuinuka asubuhi ya baridi. Kisha siku moja misuli huchoka au kiungo huvimba, naye akashindwa kusimama. Ndipo mwenyewe husema, "Ghafla!" Kumbe ghafla hiyo ilianza tangu utoto.

Zaidi ya hayo, mbwa huweza kutembea vizuri kabisa, akashinda tuzo, na huku akiwarithisha watoto wake nyonga mbovu. Ugonjwa huu hautokani na kasoro moja ya urithi bali nyingi zinazoungana. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mbwa bingwa mwenye nyonga mbovu alikuwa mkakasi wa namna hiyo, na kila aliyemtamani alibeba kipande cha mti nyumbani kwake bila kujua.

Dawa ya jamii nzima ilikuwa moja tu: kupiga picha za nyonga kabla ya kupandisha, kuandika matokeo, na kuwaacha wasio na nyonga imara wasizae. Uingereza ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1965. Mwaka 1966 likaundwa shirika la Marekani la kuchunguza picha hizo, kwa juhudi za John M. Olin, tajiri aliyewapenda mbwa wa kuwinda wa jamii ya Labrador. Huko Sweden, ambako jeshi lilifuga mbwa wake lenyewe, mwaka 1979 ulitolewa uchunguzi wa mbwa wachungaji wa uzao 401, nao ulionyesha wazi kwamba hali ya nyonga za wazazi huwaathiri watoto.

Hata hivyo, ni rahisi kuandika kanuni kuliko kuifuata. Mfikirie mfugaji aliyetumia miaka kumi na akiba yake yote kumlea dume mmoja mzuri. Watu wanatoka mbali kuja kumtazama. Kisha daktari anaiinua picha mbele ya taa na kusema kwamba nyonga ni mbovu. Mbwa mwenyewe yuko pale mlangoni anatikisa mkia, hana kilema chochote kionekanacho. Je, mfugaji huyo atatangaza habari hiyo na kupoteza faida, au ataificha picha sandukuni? Wengine walitangaza. Wengine walificha, na picha mbaya hazikufika kwa wachunguzi. Kwa hiyo hesabu zilizoandikwa zikapendeza kuliko ukweli wenyewe. Eksirei yaweza kupenya nyama, lakini haipenyi moyo wa mtu asiyetaka kusema kweli.

Sasa tuirudie ile shule ya The Seeing Eye. Kipofu hawezi kuongozwa na mbwa asiyeweza kusimama. Mguu ukilegea katikati ya barabara, ni maisha ya watu wawili yaliyo hatarini. Shule hiyo ilifuga mbwa wake yenyewe, na haikuwa na sababu ya kujidanganya. Iliwapima mbwa wote, ikatazama na ndugu zao, ikachagua wenye nyonga bora. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Katika vizazi visivyofika vitano, idadi ya mbwa wachungaji wenye ugonjwa wa nyonga ilishuka kutoka 55 katika kila 100 mpaka 24, na ya Labrador kutoka 30 mpaka 10. Ubovu uliojengwa kwa miaka mingi ulipunguzwa zaidi ya nusu na watu waliokubali kuuona.

Lakini urithi si yote. Malezi nayo yana sehemu yake. Kilebu wa jamii kubwa hukua haraka sana, na wengi hudhani kwamba kumpa chakula kingi ndiko kumpenda. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 1992, vilebu 48 wa Labrador waligawanywa wawili wawili, ndugu kwa ndugu. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenziwe. Wale waliokula kidogo walipata ugonjwa wa nyonga kwa uchache zaidi. Waliendelea kutazamwa mpaka mwisho wa maisha yao, na taarifa ya mwaka 2002 ikaeleza kwamba waliishi kadiri ya miaka 13, hali wenzao walioshiba waliishi miaka 11 na ushei. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na bakuli lililojaa mno si rehema.

Wala si kila udhaifu wa miguu ya nyuma ni ugonjwa wa nyonga. Mwaka 1973 ulielezwa ugonjwa mwingine wa mbwa wachungaji waliozeeka. Huu hauna maumivu. Mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo hufa polepole. Mbwa huanza kuburura kucha, kisha huyumba, kisha miguu ya nyuma haimsikii tena. Kwa miaka mingi chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamekuta kasoro katika jeni iitwayo SOD1. Habari hiyo iliwashtua hata madaktari wa binadamu, kwa sababu jeni hiyo hiyo ilikuwa imeonekana mwaka 1993 kuwa na kasoro kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa wa kupooza uliomuua Lou Gehrig, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa kwa watu wenye kasoro hiyo ya SOD1. Mbwa aburutaye kucha na mtu apoozaye kitandani walikuwa wamebeba mzigo wa namna moja, wala hakuna aliyejua.

Pia kuna misiba ambayo ni ya ghafla kwelikweli. Kipande kidogo cha gegedu huweza kuziba mshipa wa damu wa uti wa mgongo, na mbwa aliyekuwa akicheza akaanguka papo hapo. Pingili za mgongo nazo huweza kusukuma gegedu lililo kati yao likabana mishipa ya fahamu. Hali kama hizi zataka daktari wa wanyama siku ile ile. Tena katika nchi yetu pana jambo la kukumbukwa na kila mwanafunzi: kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza. Mbwa aliyelegea miguu bila sababu inayojulikana, hasa ikiwa hajachanjwa, asishikwe kwa mikono mitupu wala asifunguliwe kinywa. Na aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende hospitali bila kungoja. Huruma isiyo na hadhari imewaua wengi.

Mabishano juu ya umbo la mbwa mchungaji hayajakwisha. Mwaka 2016, katika maonyesho makubwa ya Crufts huko Uingereza, mbwa mmoja wa jamii hii alipewa ushindi wa jamii yake. Mgongo wake uliteremka sana kuelekea nyuma, naye alitembea kwa shida mbele ya kamera za televisheni. Watu wengi walilalamika. Ni haki kusema kwamba mgongo ulioteremka na ulegevu wa nyonga si kitu kimoja. Mbwa wenye migongo iliyonyoka nao huugua nyonga. Lakini swali lililoulizwa siku ile lilikuwa lile lile la tangu mwaka 1899: je, mbwa apimwe kwa anavyoonekana akisimama, au kwa anavyoweza kwenda?

Tulianza langoni, na yafaa tumalizie hapo. Mbwa alalaye nyuma ya kibao kile hakujichagulia babu, wala umbo, wala bakuli. Yote hayo alichaguliwa na watu: wengine kwa mapenzi, wengine kwa tamaa, wengi kwa kutojua. Siku miguu yake ya nyuma itakapolegea, tusiseme upesi kwamba ni ghafla. Tuulize wazazi wake walikuwa nani, alilishwaje, na nani aliiona picha akaificha. Watu ndio walioingiza udhaifu huu katika jamii ya mbwa, na watu ndio walioupunguza walipothubutu kuutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nao ufa hauzibwi na mtu anayefumba macho ili asiuone.